Wenye Mafuta Mezani, Wenye Ziwa Mlangoni

Desemba 1997 mvua ilikuwa haikatiki. Ndizo mvua za El Niño, na mtu mzima yeyote wa Mwanza anazikumbuka kwa jina hilo. Kati ya mwisho wa mwaka ule na katikati ya 1998 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita moja. Kipindupindu kikafuata mvua. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi kutoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa hofu ya ugonjwa huo, na viwanda vya minofu ya sangara, vilivyokuwa vinalisha familia nyingi za mji huu, vikakosa soko vililolizoea. Mvuvi aliyekuwa hajui Brussels iko wapi alijikuta anaadhibiwa na mvua na Ulaya kwa mkupuo mmoja.

Siku zilezile za Desemba, katika mji wa Kyoto, Japani, Mtanzania mmoja alikuwa amekalia kiti kizito kuliko vingi. Profesa Mark Mwandosya, mhandisi wa umeme aliyekuwa mtumishi mwandamizi wa serikali, aliongoza majadiliano kwa niaba ya G77 na China, kundi la nchi zinazoendelea, kwa kuwa mwaka huo uenyekiti wa kundi ulikuwa wa Tanzania. Mataifa zaidi ya 130 yalisema kwa kinywa chake. Ndipo ilipozaliwa Itifaki ya Kyoto, hati ya kwanza kuzifunga nchi tajiri kisheria zipunguze hewa ukaa.

Ugumu wa kiti kile ulikuwa ndani ya kundi lenyewe. Upande mmoja walikaa watu wa visiwa vidogo ambao bahari inawameza, pamoja na nchi kama yetu zinazoishi kwa mvua. Upande wa pili walikaa Saudi Arabia, Kuwait na wenzao wa OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, ambao walikuja na dai kwamba dunia ikipunguza kuchoma mafuta, wao walipwe fidia kwa mapato watakayopoteza. Mwenyekiti alipaswa kuwasemea wote wawili: anayezama na anayeuza kinachomzamisha. Fidia yenyewe hawakuipata, lakini itifaki ilitoka na vifungu vinavyozitaka nchi tajiri zichunge hatua zao zisiziumize nchi nyingine, wauza mafuta wakiwemo. Mwandosya baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu majadiliano yale kwa jicho la nchi za Kusini.

Naanzia Kyoto kwa makusudi. Hapa Buhongwa, jijini Mwanza, habari za mikutano ya tabianchi zikitajwa redioni, jibu la kawaida ni kwamba wale wanakula posho tu. Nalisikia sheli, kijiweni kwa bodaboda na kwenye foleni ya saluni. Kukata tamaa huko ni kwa haki, ila naona kunamlenga mtu mdogo. Posho ya mjumbe ni fedha kidogo mno kuweza kukwamisha dunia miaka thelathini. Kilichoikwamisha kiliwekwa mapema, na kiliwekwa na watu wanaojulikana.

Turudi nyuma kidogo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ulifunguliwa kwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, na kikao kimojawapo cha kuuandaa kilifanyika jirani zetu Nairobi, Septemba 1991. Ulianza kutumika 1994, Tanzania ikauridhia 1996. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Berlin mwaka 1995, na kazi ya awali kabisa ilikuwa kupitisha kanuni za uendeshaji. Kanuni zilikuwa zimeandikwa. Kifungu cha 42 kilihusu kura: ni wingi gani wa kura utatosha kupitisha jambo pale ambapo maelewano yameshindikana. Nchi zinazouza mafuta zilikuwa mstari wa mbele kugomea upigaji kura. Kifungu hakikupitishwa Berlin, hakikupitishwa mwaka uliofuata, na mpaka leo kila mkutano unaendeshwa kwa kanuni za rasimu huku kifungu hicho kimoja kikiwa kimewekwa kando. Mwaka 2011 Mexico na Papua New Guinea zilipendekeza mkataba urekebishwe ili kura iwezekane. Pendekezo halijapita.

Maana yake ni nyepesi kueleweka na nzito kuibeba. Jambo la msingi halipiti mpaka asiwepo anayepinga. Nchi 190 zikitaka na moja iking'ang'ania kukataa, mwenyekiti hana kura ya kuitisha. Wazee wakikaa barazani kutafuta mwafaka, kila mmoja anajua atabaki kijijini na majirani zake kesho, kwa hiyo analegeza. Mle ukumbini muuza mafuta hana sababu ya kulegeza, maana kila mwaka unaopotea ni mwaka mwingine wa mauzo.

Na wauza mafuta hawakuwa serikali peke yake. Kampuni kubwa za Marekani na Ulaya zilianzisha mwaka 1989 umoja ulioitwa Global Climate Coalition, na Exxon ilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kabla ya Kyoto umoja huo uliunga mkono kampeni ya matangazo ya takriban dola milioni 13 nchini Marekani kuwatia wananchi hofu kwamba mkataba utawafukarisha. Julai 1997 Seneti ya Marekani ilipitisha azimio kwa kura 95 kwa sifuri la kutokubali mkataba ambao hauzifungi pia nchi zinazoendelea. Ndani ya kumbi za mikutano alikuwepo mwanasheria wa Washington, Don Pearlman, aliyekuwa akionekana mara kwa mara akiwapa wajumbe wa nchi za OPEC vikaratasi na maneno ya kusema. Machi 2001 Rais George W. Bush alijitoa Kyoto, na nyaraka za serikali yake zilizotolewa hadharani baadaye zilionyesha kuwa maofisa wake waliuambia umoja ule kwamba uamuzi wa rais ulitokana kwa sehemu na maoni yao.

Wangekuwa hawajui, tungewasamehe. Walijua. Wanasayansi wa Exxon waliwaeleza wakubwa wao tangu 1977 kwamba kuchoma mafuta na makaa ya mawe kunaipasha dunia joto. Kampuni ya Total ya Ufaransa ilichapisha makala kuhusu jambo hilo katika jarida lake yenyewe mwaka 1971, na wanahistoria watatu waliochimba kumbukumbu zake walieleza mwaka 2021 jinsi ilivyojua kisha ikashiriki kutia watu shaka kwa miaka mingi. Mwaka 1971 Tanganyika ilikuwa inatimiza miaka kumi ya uhuru. Mtoto aliyezaliwa Nyamagana mwaka ule leo ana wajukuu.

Nilitaje sasa jina la Total vizuri, kwa sababu litarudi.

Mwaka 2006 ziwa lilifanya kinyume. Ukame wa mwaka uliotangulia, pamoja na maji mengi kupita kiasi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja, ulilishusha ziwa hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Mitumbwi ilibaki kwenye matope, na nchi nzima ikaingia kwenye mgao mkali wa umeme. Novemba mwaka huohuo mkutano wa 12 wa tabianchi ulifanyika Nairobi, wa kwanza kusini mwa Sahara. Wajumbe walikaa umbali wa safari ya basi moja kutoka ziwa lililopungua maji. Kofi Annan, Mwafrika aliyekuwa anamalizia muda wake wa kuongoza Umoja wa Mataifa, aliwaambia waziwazi kwamba dunia inakosa uongozi kwa kiwango cha kutisha. Walitoka na mpango wa kazi wenye jina la Nairobi, na wakapanga kukutana tena.

Copenhagen 2009 ilileta ahadi ya dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020. Zilitimia mwaka 2022, miaka miwili baada ya tarehe. Paris 2015 ilileta mkataba ulioshangiliwa kwa machozi, na ulistahili kushangiliwa kwa mengi. Ila usome wote, mwanzo hadi mwisho, hutakuta neno mafuta, wala gesi asilia, wala makaa ya mawe. Mkataba wa kuzuia joto la dunia haukuvitaja vitu vinavyolileta.

Kisha habari ikatufikia nyumbani. Mwaka 2016 Uganda iliamua kwamba mafuta yake ya Hoima yatapita Tanzania badala ya Kenya. Agosti 2017 Rais John Magufuli na Rais Yoweri Museveni waliweka jiwe la msingi Chongoleani, Tanga. Bomba lina kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu, katika mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga. Mwanza haimo, lakini bomba linalizunguka ziwa letu upande wa magharibi na kusini, na karibu theluthi ya urefu wake imo ndani ya bonde la Ziwa Victoria. Mafuta yale ni mazito, yanaganda, hivyo bomba lazima lipashwe moto hadi nyuzi joto 50 safari yote. TotalEnergies, yaani Total ileile kwa jina jipya, inamiliki asilimia 62. Shirika letu la mafuta, TPDC, lina asilimia 15, la Uganda 15, na CNOOC ya China 8.

Hapa sitaki kudanganya msomaji. Bomba limeleta ajira. Mabomba yalivalishwa tabaka la kuhifadhi joto katika kiwanda cha Sojo, Nzega, na vijana wa Kanda ya Ziwa walikwenda kutafuta kazi huko. Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio la kulipinga Septemba 2022, Naibu Spika wa Uganda Thomas Tayebwa aliliita ukoloni mpya, na wengi hapa waliguna kumuunga mkono. Mwaka uleule Ujerumani ilikuwa inarudisha mitambo ya makaa ya mawe kazini kwa sababu ya vita vya Ukraine. Mtu anayenunua mkaa wa jikoni kwa kopo hawezi kuhubiriwa na anayechoma makaa kwa mitambo. Lakini hasira hiyo ya haki haigeuzi ukweli kwamba faida kubwa ya bomba itakwenda kwa mwenye asilimia 62, na mvua haitatuuliza nani alikuwa mnafiki zaidi.

Wapo waliojaribu njia ya sheria. Novemba 2020 mashirika manne, mawili ya Uganda, moja la Kenya na moja la Tanzania, yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga bomba. Hukumu ilitolewa tarehe 29 Novemba 2023: kesi ilitupwa kwa kuwa ililetwa nje ya muda. Hoja za ziwa, za mito na za tabianchi hazikuamuliwa. Huko Kampala, wanafunzi tisa walioandamana Oktoba 2022 kuunga mkono azimio la Ulaya walikuwa wameishia mikononi mwa polisi.

Kesho yake baada ya hukumu ya Arusha, tarehe 30 Novemba 2023, mkutano wa 28 wa tabianchi ulifunguliwa Dubai.

Wafanyabiashara wa Mwanza wanaijua Dubai. Ndiko zinakotoka simu, vipuri na vitenge vya maduka yetu. Mara hii mwenyekiti wa mkutano alikuwa Sultan Ahmed Al Jaber, ambaye wakati huohuo alikuwa mkuu wa ADNOC, kampuni ya taifa ya mafuta ya Abu Dhabi. Hakujiuzulu. Siku chache kabla ya ufunguzi, BBC na waandishi wengine walitoa nyaraka zilizoonyesha kuwa maandalizi ya vikao na mawaziri wa nchi mbalimbali yaliambatana na hoja za biashara ya mafuta na gesi; yeye alikanusha. Muungano wa asasi uitwao Kick Big Polluters Out ulipekua orodha ya washiriki na kuhesabu washawishi 2,456 wa mafuta, gesi na makaa ya mawe. Glasgow mwaka 2021 walikuwa wamehesabiwa 503, Sharm el-Sheikh 2022 wakawa 636. Wale wa Dubai walizidi wajumbe wa nchi kumi zilizo hatarini zaidi duniani ukiwajumlisha wote pamoja. Mkutano ulipoelekea ukingoni, Katibu Mkuu wa OPEC Haitham Al Ghais aliziandikia barua nchi wanachama na washirika wao akizisihi zikatae maandishi yoyote yanayoilenga nishati ya kisukuku.

Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Dubai. Tarehe 2 Desemba alizindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Tarehe 3 Desemba mvua kubwa ikaporomosha sehemu ya mlima Hanang', mkoani Manyara, na tope lenye mawe na magogo likaufunika mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais alikatisha safari akarudi nyumbani. Wanaomlaumu kwa safari hiyo nawaomba waliangalie tukio lenyewe: kiongozi wa nchi aliitwa kutoka kwenye ukumbi wa wauza mafuta aje kwenye msiba wa wananchi wake waliofunikwa na tope.

Dubai ilitoa sentensi moja ambayo haikuwahi kuandikwa kwa miaka 28, inayozitaka nchi ziondokane taratibu na nishati ya kisukuku. Nilidhani, kama wengine, kwamba mlango umefunguka. Mwaka uliofuata mkutano ukapelekwa Baku, Azerbaijan, ambako Rais Ilham Aliyev alisimama mbele ya wajumbe akasema mafuta na gesi ni zawadi ya Mungu. Mkuu wa maandalizi, Elnur Soltanov, alikuwa amenaswa na kamera ya siri akizungumzia fursa za kuwekeza katika mafuta na gesi ya nchi yake. Washawishi walihesabiwa 1,773. Nchi za Afrika ziliomba fedha za kukabiliana na maafa na zikaondoka na ahadi ya dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Novemba hiyo Ban Ki-moon, Mary Robinson na Christiana Figueres, ambaye ndiye aliyesimamia Paris, walikuwa miongoni mwa waliotia saini barua ya wazi kusema mfumo wa mikutano hii haufai tena kwa kazi yake, na kwamba nchi isiyotaka kuachana na mafuta isipewe uenyeji. Waliojenga nyumba wenyewe wakasema inavuja.

Belém, Brazili, Novemba 2025. Nchi zaidi ya 80 zilitaka ramani ya hatua za kuachana na nishati ya kisukuku. Washawishi 1,602 walikuwepo, mmoja katika kila washiriki 25. Ufaransa iliingia na watu wa TotalEnergies ndani ya ujumbe wake, akiwemo mkuu wa kampuni, Patrick Pouyanné, ambaye kampuni yake ndiyo yenye hisa kubwa katika bomba linalozunguka ziwa letu. Maandishi ya mwisho hayakutaja nishati ya kisukuku hata mara moja. Brazili iliahidi kuandaa ramani hiyo nje ya mkataba, kwa hiari ya anayetaka. Nchi 80 hazikushindwa kwa kura, kwa sababu kura haipo. Kifungu cha 42 kilikuwa bado kimewekwa kando, kama Berlin.

Na ziwa? Mei 2020 lilifikia kina cha juu kuliko vyote vilivyowahi kupimwa pale Jinja, likaipita rekodi ya 1964, na mwaka 2024 likapanda tena hadi kuipita hiyo ya 2020. Mialo ilizama, vyoo vya ufukweni vikafurika ndani ya maji ya kunywa, maelfu ya watu katika nchi tatu wakahama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikokotoa kwamba joto lililoletwa na binadamu lilifanya kupanda kwa namna ya 2020 kuwezekane takriban mara 1.8 zaidi, na kwamba liliongeza kama sentimita saba juu ya maji yale. Sentimita saba zinasikika chache. Muulize mwenye nyumba ambaye maji yalisimama kizingitini.

Buhongwa iko juu kidogo, kwenye barabara kuu iendayo Shinyanga, nasi hatuhami kwa maji ya ziwa. Tunaishi kwa petroli: bodaboda, bajaji, daladala za mjini, malori yanayoingia jiji. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mamlaka ya udhibiti, EWURA, inatangaza bei ya mafuta na nauli zinaanza kunong'onwa. Hakuna anayemtaka dereva wa bodaboda azime pikipiki yake leo, na asiyejua hilo asiandike kuhusu tabianchi. Ninachodai ni kidogo na kinawezekana. Mwenye kuuza mafuta asiwe mwenyekiti wa kikao cha kuyapunguza, wala asiingie kwa beji ya serikali. Kanuni ya kura ipitishwe. Tanzania, iliyowahi kukalia kile kiti cha Kyoto, ilisemee jambo hili kwa sauti ndani ya kundi la Afrika, hata kama TPDC ina asilimia zake 15 kwenye bomba. Hasa kwa sababu inazo.

Orodha ya washiriki wa kila mkutano hutolewa hadharani na sekretarieti ya mkataba, jina kwa jina, na tangu Dubai kila mshiriki hutakiwa kueleza anatokea taasisi gani. Mkutano ujao ukikaribia, mwombe mbunge wako, diwani wako na mwandishi wa redio unayoisikiliza wasome majina yaliyo chini ya Tanzania, na wakuambie nani kati yao amelipiwa tiketi na kampuni ya mafuta.